Bothwell, ngome iliyobomolewa na mwenyewe

Tuliosoma shule za Bongo wote tunamjua Livingstone wa Ujiji, sasa kwao ni Blantyre, kamji karibu na Glasgow, Scotland, na mi nilipanda treni kwenda kuona nyumba aliyozaliwa mwaka 1813 basi. Nilipomaliza nkaona kuna daraja la waenda kwa miguu linavuka mto Clyde, nkavuka, nkashika njia ya msituni kando ya mto, matope kinoma, mara naona kuta za mawe mekundu juu ya miti. Ngome ya Bothwell hiyo.

Aisee lile limnara! La duara, upana kama mita 20, ukuta una unene wa mita 5 hivi, ila limebaki nusu tu. Nusu nyingine imekatwa toka juu mpaka chini kama mkate, unaona ndani kote kulivyokuwa.

Kumbe waliolikata sio Waingereza. Ukoo wa Moray, ulioipata ardhi hii 1242, ulianza kujenga ngome kubwa balaa, vita na Uingereza ikaja 1296 kazi haijaisha, na hadi leo misingi ya minara ambayo haikujengwa ipo tu kwenye nyasi, unaitembelea juu. Toka hapo ikawa ya kunyang'anyana. Mwaka 1301 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuja na watu kama 6,800, na mnara wa mbao wa kurukia ukuta ambao mafundi waliuundia Glasgow ukakokotwa mpaka hapa, ngome haikumaliza hata mwezi ikasalimu. 1336 mjukuu wake Edward wa Tatu naye akaweka kambi humo. Mwaka uliofuata Andrew Moray, mrithi wa ukoo wenyewe, akaikomboa, halafu badala ya kuhamia akaivunja! Hesabu yake ilikuwa rahisi, Waskoti hawakuwa na askari wa kulinda kila ngome, na ukiiacha nzima adui anarudi kulala humo humo. Baba yake alikufa kwa majeraha ya vita ya Stirling Bridge 1297, alikopigana bega kwa bega na William Wallace, kiongozi wa Waskoti, kwa hiyo huyu jamaa mi simlaumu hata kidogo, nyumba ni mawe tu.

Baadaye Archibald Douglas akaipata kwa kuoa, 1362, ukumbi na kanisa vya upande wa pili ni vya kwao akina Douglas, pazuri, ila kwa kweli nlipita haraka mvua ilishaanza, muda wangu wote ulikuwa umeishia kwenye ile nusu mnara.