Oktoberfest ilivyonikumbusha uraka wa bibi Newala

Jamani wana Kusini, habari za siku nyingi. Acha leo niwasimulie ile wikiendi ya Septemba 2024 niliyoenda Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya mji wa München, Ujerumani, maana kila nikipiga simu nyumbani naulizwa eti ulienda kwenye sherehe ya pombe, nikianza kueleza bando linakata.

Kwanza chanzo chake wala sio pombe, ni harusi. Mwaka 1810 mtoto wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, alimuoa Therese, wananchi wakaalikwa washerehekee uwanjani nje ya mji, kukawa na mbio za farasi, mwaka uliofuata wakarudia na ndo ikawa moja kwa moja. Uwanja mpaka leo una jina la bibi harusi, Theresienwiese. Siku hizi inaanza Septemba, waliisogeza wawahi jua kabla baridi haijakaza.

Tuliondoka na treni alfajiri mimi na wenzangu wawili wa chuo, behewa zima kaptula za ngozi na magauni yenye aproni, wazee kwa vijana, mi nimevaa shati langu la kitenge, mzee mmoja akalishika kola akauliza limeshonwa wapi nikamwambia Mtwara. Kuingia ni bure. Nilidhani mahema yao ya kunywea bia ni maturubai kama ya shughuli zetu, kumbe ni kama majumba, moja linameza maelfu ya watu na bendi juu.

Sasa sikilizeni hapa. Ilikuwa siku ya ufunguzi, saa tatu asubuhi tumeshakaa kwenye benchi na watu tusiowajua, meza tupu, na hakuna anayepewa bia! Mpaka saa sita kamili meya wa jiji agonge bomba kwenye pipa la kwanza kwa nyundo aseme "O'zapft is!", yaani tayari limefunguliwa, mizinga inapigwa 12, hapo ndo mahema mengine nayo yanaanza. Na glasi ya kwanza hanywi yeye, anampa waziri mkuu wa jimbo la Bavaria. Watu wote wale wenye kiu wamesubiri masaa matatu kwa utulivu, mi nilisisimka kabisa.

Bia ni ya viwanda sita vya München tu, glasi lita nzima, wadada wanabeba kama kumi kwa mpigo, na bei mwaka ule ilikuwa zaidi ya euro 14, kwa hela yetu ilipita 40,000. Nikanywa hiyo moja taratibu na nusu kuku.

Ila mawazo yalikuwa Newala, Mtwara, kwa bibi. Msimu huo huo bibi anakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, na pombe yake, uraka, ikichachuka majirani wanajaa chini ya mkorosho, na hakuna anayegusa kata mpaka bibi aonje kwanza. Ni utaratibu ule ule! Halafu sisi uraka tunausema kwa kunong'ona kama aibu, korosho tunazipeleka ghalani na mabibo mengi yanaozea chini shambani, inaniuma kweli, maana wenzetu kitu chao wamekivalisha nguo nzuri wakakipa siku yake na dunia inapanda ndege kwenda kukionja.

Jumapili usiku nikampigia bibi. Akauliza harusi ya nani, nikamwambia ya mtoto wa mfalme, ya 1810. Akacheka sana. Nilipofika kwenye meya na glasi ya kwanza akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mume wangu, hao watu wana adabu."