Upepo wa kusi ndio mlima wao

Pikipiki nilijifunzia Uyole, Mbeya, na kwetu hakuna safari isiyo na mlima. Ukitaka Tukuyu utapanda Isyonje, ukitaka Chunya utapanda Kawetere. Mwaka jana nilipopata kazi ya miezi minane Tanga, nikaipakia pikipiki kwenye fuso nikiamini mwili unakwenda kupumzika. Ardhi tambarare, joto, mtu atachoka na nini?

Nilichoka wiki ya kwanza.

Mlimani mkono wa kulia unapata nafasi. Unavuta mafuta kupanda, ukifika juu unaachia, unashuka na gia ya pili huku injini ikikushikilia yenyewe. Tanga hakuna kushuka. Kutoka mjini kwenda Pangani, kama kilomita 50, mkono unabaki palepale mpaka vidole vinakufa ganzi. Ilikuwa Juni, kusi, ule upepo unaotoka kusini, imeshika, na ukielekea Pangani unaikabili. Barabara imelala kabisa, lakini gia ya nne haivuti, pikipiki inataka ya tatu! Nikasimama chini ya mnazi, nikadhani breki ya nyuma imebana. Nikaweka stendi kubwa, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Linazunguka tu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli, amefunga nazi nyuma, akanitazama.

"Mwanangu, umetoka bara?"

"Ndiyo mzee, Mbeya."

"Basi huo upepo ndio mlima wetu."

Jioni nikarudi nikiwa nimesukumwa mgongoni mpaka mjini, kimya, nasikia cheni tu.

Shida ya pili sikuiona haraka. Injini ilikuwa ikichemka kuliko kawaida, na ukiachia mafuta inapiga baruti kwenye ekzosi. Fundi mmoja wa Ngamiani akafungua plagi, akaiweka kwenye kiganja changu: nyeupe kama chaki. Akaniuliza kabureta iliwekwa wapi. Nikamwambia Mbeya, fundi aliipunguza mafuta ili isitoe moshi mweusi. Akacheka kwa upole, akanieleza. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mafuta kidogo yanatosha. Pwani hewa ni nzito, inaingia nyingi, mafuta yale yale yanakuwa pungufu, na injini inaungua. Akapandisha sindano ya kabureta ngazi moja ili mafuta yaingie zaidi. Jamani, sikuwahi kujua ile pikipiki ina nguvu vile! Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo miaka yote nilikuwa naendesha pikipiki isiyo kamili.

Mavazi nisiyazungumzie sana. Koti langu la Uyole lilikaa kwenye begi miezi yote minane. Wenyeji wengi wanaendesha na kandambili, mimi nilikataa, nikabaki na buti na jasho lake, kwa sababu mchanga unaopeperushwa barabarani hauonekani mpaka gurudumu la mbele limeshateleza, na hapo vidole vya miguu ndivyo vinavyotangulia.

Kilichoniuma ni chumvi. Nilipanga karibu na bahari, Raskazone, pikipiki inalala nje, na asubuhi ukipitisha kidole kwenye tangi unahisi unyevu unaonata. Nilikuwa naiosha kwa maji baridi kila Jumamosi, nafuta spoki moja moja kwa kitambaa chenye oili, bado kutu ikaanza pale spoki zinapoingia kwenye ringi, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nimerudi nyumbani Februari. Siku ya pili tu, kwenye mlima wa Isyonje, pikipiki ikawa nzito, inakohoa moshi mweusi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya mjini. Akatoa plagi, nyeusi tii. Kabla sijasema neno akainama kwenye gurudumu la nyuma, akakwangua shina la spoki kwa ukucha, akautazama unga mwekundu.

"Kaka, hii imetoka pwani."

Akashusha sindano ngazi moja. Spoki akaniambia nibadilishe 4, zilizobaki nizipake grisi.