Siku moja na mtama wenye kiu

Saa 12:30 asubuhi, kitalu nyumba. Leo tunapima jinsi jeni za mtama zinavyoitikia ukame, na tunaanza na mizani. Kila ndoo ina kilo 6 za udongo mkavu, na udongo huu ukishiba hubeba gramu 1,500 za maji. Kundi linaloshiba tunaliweka kwenye asilimia 80, yaani gramu 1,200. Kundi la kiu asilimia 30, gramu 450. Ndoo ikipungua uzito, pengo ndilo maji ya kuongeza. Anayenywesha kwa kukadiria atapima mkono wake, si jeni.

Saa 4:00, kukata majani. Saa hii haisogezwi, maana jeni nyingi za ukame hupanda na kushuka kwa saa ya ndani ya mmea. Tunakata ndoo ya kiu, kisha ya kushiba, kwa kupokezana; ukimaliza kundi moja kwanza, tofauti utakayoiona huenda ni ya jua tu. Chukua jani changa zaidi lililokwisha kufunguka, gramu 0.1, na ulitumbukize papo hapo kwenye nitrojeni ya maji, yenye baridi kali ya kuligandisha. Likichelewa, jeni za jeraha zitaamka.

Saa 5:00, kusaga. Kinu na mchi vipozwe kwanza kwa nitrojeni. Unga ukilowa na kugeuka kijani kizito, utupe: vimeng'enya vimeshaanza kuikata RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikiwa kazini, na ndizo tunazozitafuta. Kwa gramu 0.1 weka mililita 1 ya Trizol (kimiminika cha kutolea RNA), subiri dakika 5, ongeza mikrolita 200 za klorofomu, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu mara 12,000 ya mvutano wa dunia (12,000 g), dakika 15, nyuzi 4 za Selsiasi.

Wakati inazunguka, huku ndani ya jani hadithi ni hii: maji yakipungua, homoni ya ABA hupanda na kushikwa na vipokezi vya PYR/PYL. Vipokezi hivyo humkaba PP2C, kimeng'enya ambaye kazi yake ni kumzuia kimeng'enya mwenzake, SnRK2. SnRK2 akiachiwa, stomata (vitundu vya jani vya kupumulia) hufungwa na jeni za kujikinga huamshwa. DREB2, jeni ya ukame tunayoifuatilia, huamshwa kwa njia nyingine, isiyosubiri ABA.

Sentrifuji ikisimama, nyonya maji maangavu ya juu tu, ndiyo yenye RNA. Tamaa ya tone la mwisho huvuta utando mweupe wa katikati, na DNA nayo huja.

Saa 8:00, vipimo. Usafi wa RNA husomwa kwa kulinganisha mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 260 na kwenye 280 au 230. 260/280 iwe karibu na 2.0. Ikiwa 260/230 iko chini, huenda kuna chumvi au sukari za mtama: chumvi huondoka ukiosha tena kwa ethanoli ya asilimia 75.

Saa 10:00, RNA ikishageuzwa kuwa DNA, ni qPCR: mashine huzidisha nakala za jeni mara mbili kila mzunguko, na jeni yenye nakala nyingi huonekana mapema. Mizunguko 40, visima vitatu kwa kila sampuli. Hapa ndipo wengi huteleza. DREB2 ikionekana mzunguko wa 27 kwenye mmea ulioshiba na wa 24 kwenye wenye kiu, na jeni ya kulinganishia (isiyotakiwa kubadilika) ikabaki 20, DREB2 imepanda mara 8. Lakini jeni hiyo ikisogea hadi 21 kwa sababu ya kiu yenyewe, hesabu itakuambia mara 16. Ndiyo maana tunatumia jeni mbili za kulinganishia, zilizopimwa kwenye ukame uleule.

Saa 12:00 jioni, vipande vya majani vya kupimia maji vinaingia ovenini, nyuzi 70, hadi kesho.