Ndani ya Sherman kumbe ni kweupe

Wiki ya tatu hii naishi ndani ya kifaru. Ni modeli ya M4 Sherman, kifaru cha vita cha Marekani, kipimo cha 1/35, ambamo mtu wa mita 1.75 anabaki sentimita 5. Nilishapaka ndani kijani kilekile cha nje, nikajisifu, mpaka yaya, mkubwa wangu, akaniuliza: "Mule ndani walikuwa wanaonaje?"

Nikarudi kwenye picha za zamani. Kweli, kweupe, ili mwanga kidogo uwatoshe watu watano. Ila vifuniko kwa ndani vilipakwa rangi ya nje: kikifunguliwa cheupe, adui anakiona kwa mbali. Halafu shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini! Injini nyuma, giaboksi mbele, basi shafti inapita chini ya miguu ya watu wa mnarani, kule juu kwenye mzinga. Mimi sikuwa nimeiacha hata nafasi.

Nyaya za redio, ile inayokaa ndani ya mnara, upande wa nyuma, nimepewa na fundi wa mota hapa Kamalondo, nyembamba kama unywele. Lubumbashi tukose vyote, shaba hatukosi.

Kesho nakwangua kijani. Umeme ukikubali.