Siku moja na fuwele za urani, Kigoma

Saa 11 alfajiri. Mitumbwi ya dagaa inarudi Kibirizi, nami nimeshafungua kompyuta. Nasomea uzamivu Ulaya, na hii likizo ni ya jina tu, maana vipimo vya maabara vimenifuata hadi nyumbani, mtaa wa Mwanga.

Saa 2. Chai na mihogo. Mama kaja na swali lake: "Hiyo urani si ndiyo ya mabomu?"
"Mimi naangalia usumaku wake tu, mama."
"Haya. Ila usije nayo humu ndani."

Saa 3 mpaka saa 7 ndipo kazi ilipo. Nachambua UGe2, yaani urani na jerimaniamu. Fuwele yake huvutwa polepole kutoka kwenye myeyuko, kwa mbinu ya Czochralski, ndani ya gesi ya agoni. Kwa nini usumbufu wote huo wakati unga ungepimika? Kwa sababu kwenye unga kila punje inaangalia kwake, unaishia kupata wastani. Kwenye fuwele moja, uga, yaani nguvu ya sumaku ya nje, ukielekea mhimili a, mmoja wa mielekeo mitatu ya fuwele (a, b na c), usumaku unaruka juu mara moja. Ukielekea b au c, unajikokota hata uga uwe mkubwa. Elektroni za 5f, zile za urani zinazobeba usumaku, zimeng'ang'ania upande mmoja.

Usumaku huo huanza chini ya kelvini 52 hivi, nyuzi 221 chini ya sifuri. Kinachonikosesha usingizi ni ugunduzi wa mwaka 2000: ukiibana fuwele hii kwa gigapaskali 1.2 hivi, mara elfu kumi na mbili ya kanieneo ya hewa, kisha ukaipoza chini ya kelvini 1, inapitisha umeme bila ukinzani wowote huku ingali sumaku. Wengi walidhani usumaku wa aina hii na upitishaji umeme bila ukinzani hawakai nyumba moja.

Saa 8 umeme ukakatika. Nikaenda kununua migebuka.

Saa 10, kikao na msimamizi kwa simu. Tumebishana juu ya grafu za Arrott, zinazochora usumaku kipeo cha pili dhidi ya uga uliogawanywa kwa usumaku, ili kuona usumaku unaanzia joto gani. Yeye anataka mistari iliyonyooka, ya UGe2 inapinda. Nami nasema ipinde tu, ndivyo ilivyo. Nadharia ya wastani, inayochukulia kila atomu inahisi wastani tu wa jirani zake, haiitoshi. Kakubali nusu: nirudie kwa vipeo vingine badala ya kile cha pili, na nikumbuke kurekebisha uga wa ndani, yaani ule unaohisiwa ndani ya fuwele yenyewe, kwani kipande chetu ni bapa na umbo huubadilisha.

Saa 3 usiku. Hesabu inaendelea kwenye kompyuta, chaji asilimia 60. Kesho URhGe, fuwele ya urani, rodi na jerimaniamu.