Usukani mzito kwenye Corolla ya zamani ya mbio: pawa stelingi ya Vitz

Kwanza piga jeki mbele, magurudumu yaning'inie, zungusha usukani. Ukiwa mgumu hata hapo, huenda ubovu uko kwenye bolijointi au krosi (kiungo kinachopinda) ya shafti ya usukani, na pawa stelingi itauficha tu. Usukani wa Corolla yetu ulikuwa mwepesi hewani. Uzito ulitokana na rimu pana zilizochomoza nje.

Pawa stelingi ya pampu ya mafuta (hydroliki) tuliikataa: inakula nguvu ya injini, na mabomba yake yangepita jirani na egzosi. Kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, ukapatikana mfumo wa umeme wa Vitz, mota ikiwa kwenye shafti. Ununue pamoja na kontrolboksi na soketi zake. Zikishakatwa waya, umeumia.

Shafti ilifupishwa ikapewa krosi. Kulehemu ni kwa fundi mzoefu, si yule wa mageti, na si karibu na sensa inayopima nguvu ya mkono kwenye usukani: joto likiiharibu, usukani unaweza kuvuta upande wenyewe. Mwili wa mota ufungwe kwenye breketi nene, la sivyo utazunguka wenyewe badala ya shafti.

Waya wa umeme na wa athi, vyote milimita 10 za mraba, fyuzi ampea 50. Alternata ndogo ya zamani ibadilishwe. Volti zikishuka, msaada wa mota hukatika katikati ya kona.