Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mratibu wa washauri wa vijana, Kisumu

Saa 12:30 asubuhi

Kazi huanzia kwenye simu kabla chai haijachemka. Kila mshauri, yaani mtu mzima anayekutana na kijana mmoja kila wiki, mwenye kijana leo hutuma ujumbe mfupi: naenda, nitachelewa, siwezi. Asiyejibu nampigia kabla ya saa moja. Vijana wetu wengi ni mayatima wanaolelewa na nyanya zao, wengine wamewahi kulala steji, na wamezoea watu wazima wanaoahidi kisha wakayeyuka. Kijana akiachwa akingoja halalamiki. Wiki ijayo haji tu, na ukimuuliza atasema alikuwa anafua.

Saa 2:00

Manyatta, kukutanisha jozi mpya. Kufikia leo mshauri ameshahojiwa, ameleta cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi, na wadhamini wake wawili nimezungumza nao kwa simu, maana barua ya udhamini humsifu kila mtu. Tuko wanne: kijana wa miaka 15, nyanya yake, mshauri na mimi. Mshauri anamsalimu nyanya kwanza, anamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama mtaa mzima unavyomwita, na anangoja aonyeshwe pa kukaa. Akimruka mwenye nyumba, hata awe mwema vipi, hatakaribishwa tena.

Kikao huchukua dakika 40. Tunakubaliana siku na saa, saa moja au mbili kwa wiki. Mahali pa wazi penye watu kama maktaba au uwanja wa mpira, kamwe si nyumbani kwa mshauri. Na muda, mwaka mzima. Huo mwaka una sababu. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Big Brothers Big Sisters, shirika la washauri wa vijana huko Marekani. Walionufaika zaidi ni wale waliokaa na mshauri wao mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini kuliko wenzao ambao hawakupewa mshauri kabisa. Kwa hiyo anayeniambia "nitajaribu nione" namshukuru na kumwachia aende zake.

Halafu pesa. Hapa ndipo jozi nyingi huharibikia. Mshauri mwenye huruma hutoa mia mbili ya unga, mwezi ujao anaulizwa viatu, wa tatu karo. Mfuko unapokauka anaona haya kupokea simu. Kijana naye anaona amechokwa. Kanuni yetu: shida ya pesa inaletwa ofisini. Kazi ya mshauri ni kukaa na kijana wajaze fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, watoe nakala, wafuate sahihi ya shule na muhuri wa chifu kabla dirisha halijafungwa. Kijana akishajua njia hiyo, mwakani anaipita peke yake.

Saa 4:30

Kondele, gereji ya pikipiki. Kijana wa miaka 18 amefungua kabureta. Mshauri wake, dereva mstaafu, amekalia debe kando yake, anampokeza spana namba kumi na kushika kibakuli cha petroli ya kuoshea jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia mafuta. Wote wawili wanaangalia injini. Ukimketisha kijana huyu mkabala nawe na kumuuliza anaendeleaje, utapata "poa" na kimya kirefu. Hapa, anapopuliza jeti na kuiinua aone mwanga, anasema mwenyewe kwamba mjomba anataka kuuza shamba la marehemu baba yake. Mzee hageuki. Anauliza moja tu, "Alisema lini?", kisha anampa kitambaa.

Baada ya kumwomba kijana ruhusa, mzee ananieleza. Jumatatu wataenda kwa chifu, lakini kitambulisho cha kijana kwanza. Mayatima hukwamia kwenye nakala ya kitambulisho cha mzazi, kwa hiyo tunaanza kuitafuta kwa jamaa, pamoja na cheti cha kifo.

Saa 7:00

Ugali, omena na sukuma. Faili mezani, mafuta kwenye faili.

Saa 8:00

Mafunzo ya washauri wapya. Mada ya leo ndiyo wanayoiogopa: kijana akifunua kwamba ameumizwa. Tunaigiza wawili wawili, na kosa la kwanza huwa lile lile: kijana anasema "usimwambie mtu", mshauri anajibu "sitamwambia". Jibu la kufunza ulimi ni hili: "Ukiwa hatarini nitalazimika kumwambia mtu wa kukusaidia, na wewe nitakwambia kwanza ni nani." Kosa la pili ni kuhoji kama polisi. Sikiliza, usijazie maneno, kisha andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe na saa. Siku hiyo hiyo nipigie. Mimi nampigia afisa wa watoto. Ukinikosa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Ikiwa ni unajisi au ubakaji, hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali hujaza PRC, fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi hutoa P3, fomu ya uchunguzi wa daktari. Na familia isikae chini ya mti "kuyamaliza" kwa mbuzi. Mshauri akisikia kikao cha namna hiyo kinapangwa, hiyo pia ni taarifa ya kuniletea.

Saa 11:00

Nyalenda. Msichana aliyejifungua anarudi darasani. Miongozo ya wizara ya elimu ya mwaka 2020 inamruhusu. Mshauri wake hamhubirii chochote. Wamechukua daftari wanaandika nani atabaki na mtoto saa ngapi, na maziwa yatakamuliwa lini.

Saa 1:00 jioni

Simu kutoka kwa mshauri aliyehamishiwa kazi Eldoret. Anataka kuondoka kimya ili "asimuumize kijana". Hapana. Kijana ataambiwa ana kwa ana Jumamosi ijayo, sababu halisi, ili asidhani kosa ni lake. Kisha vikao viwili zaidi: kimoja cha kuandika pamoja alichojifunza na watu watatu anaoweza kuwaendea, kingine cha kuagana. Asiahidi kupiga simu kila wiki. Simu moja kwa mwezi anaiweza. Mshauri mpya simtafuti hadi waagane vizuri. Tarehe ya kikao cha mwisho ataichagua kijana.